AK ya Romania, ya Serbia au ya Uchina: utaijuaje nzima kabla hujalipa?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Houston, Texas, nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Nataka bunduki ya mtindo wa AK ya kupigia shabaha uwanjani. Dukani nimeonyeshwa WASR-10 ya Romania na ZPAP M70 ya Serbia, na mzee mmoja tunayefanya naye kazi ananiuzia MAK-90 ya Uchina ya miaka ya tisini. Wenzangu wanasema AK ni AK, hata ukiizika matopeni itapiga. Ni kweli? Na mimi nisiye fundi nitaikaguaje?

Jibu: Ndugu yangu, wenzako wamesikia sifa ya bunduki moja wakaigawia ukoo mzima. Iliyojipatia jina la kupiga hata ikitoka matopeni ni AKM ya Kisovieti, iliyoingia jeshini mwaka 1959, na nguvu yake ilitoka kwenye mambo machache yanayotajika: kipande cha chuma kilichofuliwa kinachoshika mtutu, kromu ndani ya mtutu, magazini za chuma zenye midomo imara, na nafasi za kutosha kati ya sehemu zinazosogea ili uchafu upate pa kwenda. Kiwanda kilichoiga yote hayo kimerithi sifa. Kilichoruka moja kimerithi umbo.

Kwa wasomaji wa nyumbani, jibu hili ni la mtu anayeishi Marekani na kununua kwa muuzaji mwenye leseni. Silaha hii, ambayo taarifa za polisi wa Tanzania huiita SMG, Tanzania na Kenya si ya raia kumiliki. Na wewe wa Houston, usije ukamtia ndugu yako magazini au springi ya AK kwenye sanduku la zawadi ukienda likizo. Kutoa vipuri vya silaha Marekani bila kibali ni kosa huko, na kukutwa navyo uwanja wa ndege wa nyumbani ni kesi nyingine.

Sasa tuingie kazini. Bunduki ya namna hii ikifika dukani Texas imepita mikono miwili, na kila mkono una makosa yake. Wa kwanza ni wa kiwanda cha Cugir (Romania), Kragujevac (Serbia) au Uchina, kilichofua mtutu na kubana ribiti. Wa pili ni wa mwagizaji wa Marekani aliyeifungua akaibadilisha ili sheria imruhusu kuiuza. Makosa ya mkono wa kwanza yanaweza kukuumiza. Ya mkono wa pili mara nyingi yanakuudhi tu, na mengi yanarekebishika. Asiyejua tofauti hiyo ataikataa bunduki nzima kwa sababu mbao zake zina mikwaruzo, halafu anunue inayong'aa yenye chuma laini ndani.

Mkono wa pili upo kwa sababu hii. Mwaka 1989, baada ya mauaji ya wanafunzi kwenye shule moja ya Stockton, California, serikali ya George H. W. Bush ilizuia kuingizwa nchini bunduki za nusu-otomatiki za mtindo wa kijeshi zisizohesabika kuwa za michezo. Tangu hapo viwanda vya nje hutuma bunduki iliyopunguzwa mambo, kisha ikishafika hurudishiwa sura yake kwa kuwekewa vipuri vilivyotengenezwa Marekani. Kanuni ina orodha ya vipuri 20, na bunduki ikishageuzwa haitakiwi kuwa na zaidi ya 10 vya kutoka nje. Ndiyo maana utakuta nyundo, triga, kishikio cha mkononi au pistoni ya gesi vimetoka Marekani ndani ya bunduki iliyogongwa muhuri wa Romania. Hakuna aliyekuibia. Ila kumbuka hesabu hiyo siku utakapotaka kubadilisha vipuri: ukitoa pistoni ya Kimarekani ukaweka ya Kiromania kwa kupenda uasili, unaweza kuvuka idadi bila kujua. Hata magazini ina sehemu tatu zinazohesabiwa, yaani mwili, kisukumio na kifuniko cha chini.

Anza na tranioni

Tranioni ya mbele ni kile kipande kizito cha chuma kilichokaa ndani ya risiva, mbele ya nafasi ya magazini. Mtutu umeshindiliwa ndani yake na kufungwa kwa pini, na bolti, yaani kipande kinachofunga chemba risasi inamokaa, ikigeuka kujifunga, vidole vyake viwili hushika kwenye tranioni. Mshindo wote wa baruti unaishia hapo. Risiva yenyewe, lile sanduku la bati unaloliona kwa nje, ni kiunzi tu. Kwenye AKM bati lake lina unene wa milimita 1, na linatosha.

Kinachotakiwa ni tranioni iliyofuliwa kisha ikachongwa. Ya chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, kama haikutengenezwa kwa uangalifu mkubwa, huwa na vitundu visivyoonekana ndani au ugumu usiolingana. Itapiga vizuri risasi mia kadhaa. Halafu mahali bolti inaposhika pataanza kupondeka kama ukingo wa patasi unaogongwa nyundo, bolti inarudi nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita, na ganda la risasi linabaki na nafasi ya kutanuka lisikopaswa kutanuka. Bunduki zilizojipatia jina baya kwa kasoro hii ni baadhi ya zile zilizotengenezwa Marekani kwenyewe kwa tranioni za kumimina. Hizo tatu zako zote ni za viwanda vya kijeshi vyenye mazoea ya kufua, kwa hiyo umeanza vizuri. Lakini usiniamini mimi, angalia.

Muombe muuzaji afungue. Bunduki iwe tupu: magazini nje, koki, chungulia chemba, ingiza na kidole. Toa kifuniko cha juu, springi ya kurudishia, kisha kibebeo cha bolti pamoja na bolti yenyewe. Hakuna zana inayohitajika na kazi yote haichukui dakika moja. Muuzaji akikataa kabisa usifungue, nenda duka jingine. Washa tochi ndogo umulike ndani, mbele, kwenye mabega mawili ya tranioni ambako vidole vya bolti hushika. Bunduki mpya ina mistari ya zana ya kuchongea na labda mng'ao kidogo palipogusana. Iliyotumika itang'aa zaidi, na hilo si neno. Unachokitafuta ni ngazi: ukingo ulioviringika, chuma kilichosukumwa kikajikunja pembeni, au kishimo kinacholingana na umbo la kidole cha bolti. Ukikuta ngazi, mazungumzo ya bei yamekwisha. Geuza bolti uangalie na vidole vyake vivyo hivyo. Kilichomeguka hata pembe ndogo hakifai.

Kisha ribiti. Kwenye AKM tranioni ya mbele kwa kawaida hushikwa na ribiti tatu kila upande. Vichwa vyake vikae bapa juu ya bati bila mwanya. Pitisha ukucha pembeni: ukiingia chini ya kichwa, ribiti haikubanwa sawasawa. Wakati mwingine utaona kovu la mwezi mwandamo kwenye bati kando ya kichwa. Hilo ni taya la mashine liliteleza wakati wa kubana, na likiwa dogo ni sura mbaya tu. Ribiti inayozungukwa na rangi iliyopasuka au unga mweusi, kwenye bunduki ambayo imeshapigwa, ni jambo jingine: hiyo inacheza.

ZPAP M70 ina faida ya wazi hapa. Zastava ya Kragujevac, iliyoanza kama karakana ya mizinga mwaka 1853, huijenga kwa bati la milimita 1.5 na tranioni pana yenye uvimbe pembeni, mtindo uliotoka kwenye bunduki nyepesi ya rashasha ya RPK. Ukiipapasa mbele ya magazini utahisi uvimbe huo kwa vidole. Gharama yake ni uzito. Ukiishika sambamba na ya Romania mkono utakuambia wenyewe.

Mtutu na kromu

Kromu ndani ya mtutu na chemba huzuia kutu na hupunguza kulika. Kwa mtu wa Houston, ambako unyevu hautofautiani sana na wa Tanga, hilo si pambo. WASR za siku hizi na MAK-90 zina kromu. Za Serbia ndizo za kuuliza, kwa sababu kwa miaka mingi mitutu ya M70 haikuwa nayo. ZPAP zilianza kuja na mtutu wa kromu mwaka 2020, kwa hiyo dukani unaweza kukuta mbili zinazofanana kama mapacha, moja ina kromu na nyingine haina. Usiridhike na "nadhani inayo". Taka namba ya bunduki na maandishi ya mwagizaji yanayoitaja kromu.

Isiyo na kromu inaishi vizuri ikitunzwa, mradi usiipigie risasi za akiba za kijeshi za zamani zenye fataki (kile kiwashio kitakoni mwa risasi) ya chumvi. Fataki hizo huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi huvuta unyevu, na asubuhi yake umeshapata kutu. Mafuta hayaondoi chumvi. Maji ndiyo huyeyusha: mimina ya moto siku ileile kwenye mtutu na bomba la gesi, kausha, ndipo upake mafuta. Wengi hukumbuka mtutu wakasahau pistoni na bloku ya gesi, kile kipande kwenye mtutu kinachopokea gesi ya kuisukuma pistoni. Kwa MAK-90 ya mzee wako, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Toa bomba la gesi umulike ndani ya bloku. Vishimo vya kutu humo vinasimulia miaka thelathini ya utunzaji kuliko maneno ya mwenye mali.

Mtutu wenyewe utazame ukiwa umeelekezwa kwenye ukuta mweupe. Mistari ya ndani ionekane mikali hadi mwisho. Pete ya giza inayokatiza mistari yote mahali pamoja ni uvimbe, maana yake risasi iliwahi kukwama na nyingine ikaifuata kwa nyuma. Usinunue.

Jambo la geji

Nafasi kati ya uso wa bolti na chemba hupimwa kwa vipande vitatu vya chuma vyenye umbo la risasi, vilivyochongwa kwa vipimo kamili na kuandikwa GO, NO-GO na FIELD. Kila kimoja hupatikana kwa chini ya dola 50, na mafundi wengi wa bunduki wanavyo, watakupimia kwa ada ndogo. Ukinunua kimoja tu, nunua FIELD cha 7.62×39.

Namna ya kupima: safisha chemba na uso wa bolti mpaka zisiwe na chembe, maana uchafu kidogo hudanganya. Toa springi ya kurudishia. Tia geji kwenye chemba, rudisha kibebeo na bolti, kisha sukuma mbele kwa kidole kimoja, taratibu, bila kupigiza. GO lazima ifungike mpaka mwisho. NO-GO isifungike kwenye bunduki mpya. Ya kiwanda cha kijeshi huenda ikaimeza kidogo na bado ikawa salama, ila andika tarehe uwe unaifuatilia. Ikiimeza FIELD, haipigwi tena mpaka fundi mwenye leseni aishughulikie. Hapa hakuna kusema "itakuwa sawa".

Ukiwa uwanjani, maganda yako ni geji ya bure. Okota machache uyazungushe juani. Pete inayong'aa sentimita moja hivi juu ya kitako cha ganda ni chuma kinachonyumbuka kikielekea kukatika. Ukiiona, simamisha mazoezi siku hiyo.

Mkono wa pili: magazini, vilengeo, triga

Sifa mbaya ya WASR imetoka hapa. Miaka ya 2000 zilipokuwa bei ya chini, zilitoka Cugir zikiwa na tundu jembamba la magazini ya safu moja, kisha mwagizaji akalipanua Marekani lipokee magazini za kawaida. Nyingine zilipanuliwa kwa mkono mzuri, nyingine kama mtu aliyekuwa akiwahi basi. Tena risiva nyingi za wakati huo hazina vile viduta viwili vilivyobonyezwa juu ya tundu la magazini ambavyo kwenye AKM huielekeza na kuibana. Matokeo yake magazini inayumba.

Kuyumba kidogo hakuna madhara, hata AKM halisi huyumba. Tikisa magazini mbele-nyuma, maana upande kwa upande si hatari sana. Ikienda nyuma mpaka kilimi kinachoishika kinakaribia kuachia, au ikishuka kiasi kwamba bolti inapita juu ya risasi bila kuichukua, basi tundu limekatwa kupita kiasi au kilimi kimelika. Kilimi kipya ni kazi ndogo ya fundi, tundu lililokatwa vibaya ni uchomeleaji. Nenda na magazini tatu za viwanda tofauti ukiweza, kwa mfano moja ya chuma, moja ya plastiki ya Bulgaria yenye alama ya 10 ndani ya duara, na moja ya Magpul, kampuni ya Marekani. Ikigoma kwa moja, tatizo linaweza kuwa la magazini. Ikigoma kwa zote tatu, ni la bunduki.

Vilengeo vilivyoinama ni ugonjwa wa pili wa WASR, ingawa chanzo chake ni kule kiwandani ambako bloku ya kilengeo cha mbele ilishindiliwa kwenye mtutu ikiwa imepinda. Ilaze bunduki juu ya meza imara, inama nyuma yake macho yawe usawa wa kilengeo cha nyuma, fumba jicho moja. Nguzo ya mbele isimame wima katikati ya mwanya. Halafu angalia bloku ya gesi, ifuate mstari huohuo. Kilengeo kilichoinama nywele moja hurekebishwa kwa kusogeza kigoma kinachobeba nguzo. Kikiwa kimeshasogezwa mpaka ukingoni na bunduki bado ni mpya, mtu kiwandani aliona kasoro akaificha. Bloku ya gesi iliyopinda ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu pistoni itakuwa inasugua.

Hilo lina kipimo chake kizuri, cha bure. Springi ikiwa nje na nyundo imekokiwa chini, inua mtutu juu kisha uushushe, kibebeo kikiwa ndani. Kiteleze chenyewe kwa uzito wake, kwenda na kurudi. Kikikwama mahali palepale kila mara, pistoni, bomba au reli haziko sawa. Na usiogope pistoni ikicheza kidogo pale iliposhikwa kwenye kibebeo. Imefanywa hivyo makusudi ili ijipange yenyewe ndani ya bomba.

Triga ifanyie zoezi hili kabla ya kununua, chemba ikiwa tupu na magazini nje. Koki, vuta triga na uishikilie hapohapo nyuma. Ukiwa bado umeishikilia, koki tena. Sasa iachie polepole: utasikia na kuhisi "tik" moja, nyundo ikipokewa na triga. Vuta tena, nyundo ianguke. Rudia mara tano. Weka usalama, vuta kwa nguvu ya kawaida, nyundo isitikisike. Nyundo ikiifuata bolti bila kusubiri, bunduki hiyo inaweza kutoa risasi mbili kwa mvuto mmoja. Ni hatari kwa aliye mbele na kwa aliyeishika, na sheria ya Marekani haichekeshwi na bunduki ya namna hiyo hata kama ni ubovu. Iache dukani.

Kuna kasoro nyingine utakayoihisi uwanjani tu: kila risasi, triga inakupiga kidole kama kofi. Kibebeo kinaporudi nyuma huikandamiza nyundo, nyundo inabonyeza kitenganishi, kile kipande kinachoishika nyundo mpaka uachie triga, kupita kiasi, kitenganishi kinaisukuma triga mbele. Risasi 60 zinatosha kukuvimbisha kidole. Dawa yake ni seti nzuri ya triga ya Kimarekani, ambayo pia inakusaidia kwenye ile hesabu ya vipuri.

Mwisho wa ukaguzi wa mezani, chukua bolti peke yake uitikise karibu na sikio. Pini ya kufyatulia ilie tiki-tiki, kwa kuwa kwenye AK nyingi haina springi, inaelea. Ikiwa kimya, imegandishwa na grisi ya kuhifadhia, ile nzito ya rangi ya asali. Pini iliyoganda ikiwa imechomoza inaweza kuigonga fataki bolti inapofunga, na risasi ikatoka hujagusa triga. Iloweke bolti kwenye mafuta ya taa mpaka pini ilie.

Soma maandishi, lakini usiyaamini peke yake

Sheria humtaka mwagizaji agonge jina lake, mji na jimbo lake, nchi ilikotengenezwa, modeli na kipimo cha risasi. Soma yote. Mshale ndani ya pembetatu ni Cugir, 10 ndani ya duara ni Kazanlak ya Bulgaria, 11 ndani ya umbo la yai ni Radom ya Poland. Ila alama ya kijeshi kwenye tranioni haikuambii bunduki nzima imetoka huko. Zipo zilizounganishwa Marekani kutokana na vipande vya bunduki za kijeshi zilizokatwa, zikawekewa risiva mpya. Mwaka 2005 mamlaka ya silaha ilizuia kuingiza mitutu pamoja na vipande hivyo, kwa hiyo tangu hapo nyingi zina mtutu wa Kimarekani. Fundi mzuri hutoa bunduki nzuri kwa njia hiyo, na fundi mbaya hutoa ribiti zinazocheza. Hapo unanunua mkono wa fundi, si jina la Radom.

Ukinunua mtandaoni, bunduki itatumwa kwa muuzaji mwenye leseni karibu nawe. Ifungue na uikague yote haya kabla hujajaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha. Ukishasaini na kuichukua imekuwa yako, imetumika, na kuirudisha ni safari ndefu. Mwenye kadi ya ukaazi kama wewe anaruhusiwa kununua. Aliye kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa masharti maalumu kama leseni ya uwindaji, kwa hiyo usimnunulie mwenzako kwa jina lako.

Risasi 300 za kwanza

Ukaguzi wa mezani hauwezi kukuonyesha kila kitu. Piga 300 ukiwa na daftari, na kila magazini iandike namba kwa rangi. Risasi ikikwama, andika namba ya magazini na namna ilivyokwama. Pua ya risasi ikigonga chini ya chemba, shuku midomo ya magazini. Ganda likibaki ndani, safisha chemba kwanza, halafu angalia kucha linalolivuta: weka ganda tupu chini ya kucha hilo kwenye bolti uliyoitoa, likae bila kuanguka ukiigeuza. Fataki ikigongwa kidogo na risasi isitoke, shikilia bunduki imeelekea shabaha kwa sekunde 30 kabla hujakoki, kisha tafuta uchafu kwenye pini au springi ya nyundo iliyolegea. Mikwamo miwili mitatu kwenye 100 za mwanzo, na hakuna kwenye 200 zinazofuata, ni bunduki inayojilainisha. Mikwamo inayoongezeka ni bunduki inayoharibika.

Usahihi usiulize kupita kiasi. Risasi kumi ndani ya sentimita 10 kwa mita 100, ukiwa umeegemeza, ni AK nzuri sana. Sentimita 15 ni ya kawaida. Ikifika 25, jaribu risasi za kiwanda kingine kabla ya kulaumu mtutu. Tangu Septemba 2021 Marekani haitoi vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, kwa hiyo utakutana na chapa mchanganyiko, na bunduki moja inaweza kupenda hii ikachukia ile. Baada ya risasi 500, rudia geji ya FIELD na tochi kwenye tranioni. Tranioni ikishavuka hapo bila ngazi, imeshaonyesha ilivyofuliwa.

Kati ya tatu zako, ZPAP yenye kromu ndiyo ningekuelekeza, kwa bati lake nene na mtutu wake. Fahamu tu kwamba mbao za mbele na kitako cha Kiserbia haviingiliani na vya AKM, kwa hiyo vipambo vya bei poa vya mtandaoni havitakufaa. WASR ya miaka ya karibuni si mbaya kama jina lake. Ikipita kipimo cha vilengeo na cha magazini, chuma chake ni kizuri. Ya miaka ya 2000 iliyotumika, inunue tu ukiwa umeifungua mwenyewe.

MAK-90 ina mtutu mzuri, na bei yake inapandishwa na uchache, kwani mwaka 1994 serikali ya Clinton ilifunga mlango kwa bunduki za Uchina na hakuna mpya inayoingia. Nyingi nyuma ya risiva zimekatwa mshazari kwa ajili ya kile kitako chenye tundu la kidole gumba, hivyo kitako cha kawaida hakikai bila kazi ya ziada, na mdomo wa mtutu kwa kawaida hauna nyuzi. Mzee akikuruhusu, ipeleke kwa fundi ipimwe FIELD, mulika bloku ya gesi, halafu uangalie kama kitako ni cha asili. Kama alishakibadilisha, muulize ni vipuri gani vya Kimarekani vilivyowekwa, na akuandikie orodha kabla hujampa hela.